Unapanga kwenda Sucre, Bolivia? Haya yajue kabla hujakata tiketi

Kama umeshaamua Bolivia unaenda basi naomba safari yako ianzie Sucre, usianzie La Paz, na hii ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, yaani unashuka kwenye ndege tu tayari uko juu kuliko Horombo ya Kilimanjaro na mwili haujapewa hata siku moja ya kuzoea. Sucre iko kama mita 2,800, karibu sawa na Mandara, ile kambi ya kwanza ya njia ya Marangu. Ni juu, utaisikia kifuani ukipanda ngazi, ila wengi wanaimudu, na baada ya siku tatu nne ukiwa hapo ndo unaanza kufikiria kwenda Potosí au Uyuni, miji iliyo juu zaidi. Mpangilio wa miji ukiupatia, nusu ya matatizo ya safari hii huyaoni kabisa.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu haipo. Njia inayoeleweka kwa mtu wa Dar au Nairobi ni Ethiopian kupitia Addis hadi São Paulo, alafu São Paulo hadi Santa Cruz de la Sierra, mji wa Bolivia ulioko chini sana, mita 400 na kitu, kuna joto kama la kwetu pwani. Lala hapo usiku mmoja upumzike maana saa zao ziko nyuma yetu kwa saa 7 na usingizi utakuchanganya, kesho yake panda ndege ya ndani kwenda Sucre, haichukui hata saa moja. Sasa angalia kitu kimoja kwenye tiketi: ukikata tiketi mbili tofauti kwa sababu ni bei rahisi, begi lako linaweza kuishia São Paulo, na kulifuata inabidi uingie Brazil, na kuingia Brazil ni mambo ya viza, kwa hiyo bora tiketi moja yenye begi linaloenda hadi mwisho. Ukipitia Marekani ndo usiseme, hata kama hutoki nje ya uwanja pasipoti zetu zinadaiwa viza ya kupita tu. Bolivia nayo imegawa nchi za dunia kwenye makundi matatu ya viza, uliza ubalozi wao pasipoti yako iko kundi gani na wanataka karatasi gani, na uulize mapema sana, miezi siyo wiki. Kadi ya homa ya manjano usiiache, chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kusafiri, kule wanaiulizia na ukirudi nyumbani utaulizwa tena kwa sababu Bolivia iko kwenye nchi zenye ugonjwa huo.

Sasa tuje kwenye afya, na hapa nitakaa kidogo. Dalili za kawaida za mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa kukatika katika na kuchoka bila sababu. Siku mbili za kwanza tembea taratibu, kunywa maji, kula chakula chepesi, pombe weka pembeni. Daktari anaweza kukuandikia Diamox uanze kumeza kabla ya kupanda, ila mwambie kama una aleji na dawa za salfa. Ukiona mtu anahema kwa shida hata akiwa amekaa, au anayumba kama mlevi na maneno hayaeleweki, hiyo siyo ya kusema ngoja tuone asubuhi, huyo apelekwe hospitali na ashushwe chini siku hiyo hiyo.

Alafu kuna jambo ambalo ushauri mwingi wa safari za milima ya Andes haulitaji kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya watu wengine, nalo ni sikoseli. Kwetu ni ugonjwa wa nyumba nyingi. Mwenye sikoseli yenyewe asipange safari hii bila daktari wake kukubali, kwa sababu hewa ikiwa na oksijeni ndogo ndo chembe za damu zinajikunja na maumivu yanaanza. Lakini hata yule aliyerithi upande mmoja tu, ambaye anaishi vizuri na pengine hajui kama anayo, anaweza akaumia bandama akifika juu sana, ni jambo linalojulikana na madaktari wa milimani. Kama kwenu kuna ndugu mwenye sikoseli na wewe hujawahi kupima, kapime kabla ya kulipia chochote. Kipimo chenyewe ni cha damu tu. Mtu akiwa kule juu akashikwa na maumivu makali ubavuni upande wa kushoto, chini ya mbavu, wenyeji wanaweza wasiwaze bandama kabisa, kwa hiyo ujue wewe mwenyewe na uweze kumwambia daktari.

Chai ya majani ya koka utapewa kila mahali, hotelini, kwenye basi, kwa mama wa sokoni, ni halali kule na ni sehemu ya maisha yao toka zamani sana. Ila ukinywa au ukitafuna, kipimo cha dawa za kulevya kinaweza kuonyesha, kwa hiyo kama wewe ni mwanamichezo au kazini kwako wanapima mkojo, kataa kwa upole.

Wakati wa kwenda. Kule wako kusini mwa ikweta kama Tanzania, kiangazi chao ni kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua Novemba hadi Machi. Juni na Julai mchana jua zuri la sweta jepesi lakini likizama tu baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na nyumba nyingi hazina hita, kuta nene za zamani zinatunza baridi humo ndani. Beba koti la kueleweka, soksi nzito na nguo za kulalia. Usidanganyike na baridi ukaacha kofia na mafuta ya jua, kule juu linaunguza hata sisi weusi, na midomo inapasuka vibaya. Bafuni utakuta kile kichwa cha bomba cha umeme kinachochemsha maji palepale, ukitaka maji ya moto fungua kidogo siyo sana, na usikiguse ukiwa umelowa.

Chagua tarehe kwa akili. Tarehe 25 Mei ni sikukuu kubwa ya mji, wanakumbuka vuguvugu la mwaka 1809 dhidi ya utawala wa Hispania, na uwanja mkuu unaitwa hivyo hivyo, Plaza 25 de Mayo. Tarehe 6 Agosti ni uhuru, uliotangazwa hapo hapo Sucre mwaka 1825 kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho, Casa de la Libertad. Siku hizo gesti zinajaa. Machi kuna Pujllay, sherehe ya Tarabuco, mji mdogo kama kilomita 65 kutoka Sucre, watu wanacheza na viatu vya mbao vizito na vyuma vinavyolia, wanawakumbuka waliopigana vita vya Jumbate mwaka 1816. Mimi naona ndo wakati mzuri kuliko wote hata kama mvua bado ipo. Ukiikosa, soko la Tarabuco la Jumapili lipo. Jumatatu usiitegemee kwa makumbusho, na mchana maduka mengi yanafungwa watu wanaenda kula nyumbani.

Hela. Beba dola taslimu, noti mpya, zisizo na mchaniko hata mdogo wala mhuri, maana noti iliyochanika kona tu wanaikataa. Kwa miaka mingi toka 2011 bei rasmi ilikaa karibu boliviano 7 (hela ya kule) kwa dola, ila kuanzia 2023 dola ziliadimika na bei ya mtaani ikaachana sana na ya benki, kwa hiyo kabla ya kutoa hela kwenye ATM ulizia bei ya wiki hiyo ikoje, tofauti inaweza kuwa hela ya kula siku kadhaa. Wenyeji wanalipana kwa kuskani QR lakini hiyo inataka akaunti ya benki ya kule, mgeni ni keshi. Sarafu zitunze, vyoo vya stendi na sokoni unalipia na karatasi ya chooni unapewa kipande kidogo sana, tembea na yako. Karatasi iliyotumika inatupwa kwenye ndoo, siyo chooni. Maji ya bomba usinywe. Na adapta beba, plagi zetu za pini tatu haziingii kule.

Kwenye kula kuna raha na kuna tahadhari. Salteña ni kama sambusa kubwa iliyookwa, ndani kuna nyama, kiazi, yai, zeituni, na mchuzi mwingi wa moto. Inaliwa asubuhi, ikifika saa saba mchana nyingi zimeisha. Ishike imesimama, ng'ata kona ya juu tundu dogo tu, kunywa mchuzi kwanza, ndo uendelee kushuka nayo, ukiikata katikati shati lote limeharibika, na zeituni ina kokwa. Kwa Waislamu: soseji maarufu ya hapo, chorizo chuquisaqueño, ni nguruwe, na hata penye nyama ya ng'ombe au kuku unga unaweza kuwa umekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Neno la kuuliza ni chancho, ndo nguruwe kwa kule, na manteca, ndo hayo mafuta. Uliza yote mawili. Soko kuu lina juisi za kila tunda na kinamama wa juisi wanakuongezea glasi ya pili kidogo bila kuombwa. Ukipita karibu na watu wanaokula sema provecho, wao wenyewe wanasema hata kwa wasiowajua. Kihispania cha kuanzia jifunze kabla, Kiingereza ni kidogo sana, na wengi mtaani na vijijini lugha yao ya kwanza ni Kiquechua. Sucre yenyewe ina shule nyingi za Kihispania, wiki moja ya masomo ya asubuhi wakati mwili unazoea hewa ni matumizi mazuri ya muda.

Mji wenyewe ni mweupe, kuta zote za katikati zinapakwa chokaa, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1991. Chuo kikuu chake, San Francisco Xavier, ni cha mwaka 1624. Kikatiba ndo mji mkuu wa Bolivia mpaka leo na mahakama kuu iko hapo, ingawa serikali na bunge vilihamia La Paz baada ya vita vya 1899. Panda paa la San Felipe Neri jioni. Na kama una nusu siku tu, itumie kwenye makumbusho ya nguo ya ASUR. Vitambaa vya Jalq'a, watu wa vijiji vya karibu na Sucre, ni vyekundu na vyeusi, vimejaa wanyama wa ajabu wanaoelea bila mpangilio, huyu yuko tumboni mwa yule, huwezi kujua juu ni wapi, wakati vya Tarabuco ni mistari iliyonyooka na watu wakilima, wakicheza, farasi mmoja baada ya mwingine. Wanawake wanafuma wakiwa mbele yako. Ukiangalia hapo kwanza, ukienda kununua sokoni unajua unachokishika na huwezi kubishana bei ovyo na mtu aliyekaa miezi kwenye kitambaa kimoja. Nyayo za dinosaria za Cal Orck'o nje kidogo ya mji ni zaidi ya 5,000 kwenye ukuta mmoja wa mwamba, nenda na kofia maana kivuli hamna.

Nikuandae na hili pia. Mtu mweusi Sucre ataangaliwa sana. Kuna imani ya zamani Bolivia kwamba ukimwona mweusi unamfinya mwenzako upate bahati, unasikia wanasema suerte negrito. Watu weusi wa Bolivia wenyewe, ambao mababu zao waliletwa utumwani, wengine wakafanyishwa kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha Potosí, wamelalamikia hili miaka na miaka, na toka 2010 kuna sheria namba 045 dhidi ya ubaguzi. Huyo anayefanya mara nyingi hata hajui kama anakuumiza, na una haki ya kumwambia hapana. Mji nao una kidonda chake: tarehe 24 Mei 2008 wakulima wa makabila ya asili walipigwa na kupigishwa magoti kwenye uwanja ule ule mkuu, na leo tarehe hiyo ni siku ya taifa ya kupinga ubaguzi. Kwa hiyo ukipiga picha watu wa Tarabuco omba kwanza, akikataa acha.

Barabara zinafungwa. Waandamanaji wanaweka mawe na matairi na hakuna gari linapita, inaweza kuwa saa chache au siku kadhaa. Angalia habari asubuhi ya safari, beba maji na chakula cha siku nzima, na usipange basi la kutoka Potosí siku moja kabla ya ndege yako. Sucre hadi Potosí ni kama kilomita 160 za lami, saa tatu hivi, unapanda hadi zaidi ya mita 4,000, kichwa kikizidi kuuma rudi Sucre.

Siku ya kuondoka kumbuka uwanja wa Alcantarí uko kama kilomita 30 nje ya mji, teksi hazina mita kwa hiyo patana bei usiku uliotangulia. Na pekua mifuko yote ya koti na begi, jani la koka lisibaki hata moja, pakiti za chai zikiwemo, kwa sababu ukishavuka mpaka wa Bolivia nchi nyingi utakazopitia zinalihesabu ni dawa ya kulevya.