Smatiwochi na mapigo yanayoruka: jinsi ya kuiseti na kupata ECG ambayo daktari ataisoma

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuielezea kwa voisi za WhatsApp. Mimi ni nesi kliniki ya moyo hapa Dar, na siku hizi wagonjwa wanakuja na saa mkononi waliyotumiwa na mtoto aliyeko Muscat au London, mtu anakaa kwenye kiti ananinyooshea mkono, nesi hebu niangalizie saa yangu inasemaje. Haisemi kitu. Haijasetiwa, au imesetiwa nusu, au ni zile za elfu thelathini zinazochora mistari ya kupendeza tu.

Kwa ufupi tunachokitafuta ni atriali fibrilesheni, sisi tunaiita AF. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana vizuri, damu inazubaa mle ndani, inaweza kuganda, na donge likichomoka likaenda kwenye ubongo ndiyo kiharusi. Mwenye AF hatari yake ya kiharusi ni kama mara 5 ya mtu asiye nayo. Ubaya ni kwamba kwa wengi inakuja na kuondoka, saa nane usiku moyo unakwenda mbio ovyo ovyo, asubuhi unafika hospitali unapigwa ECG (kipimo kinachochora umeme wa moyo) iko safi kabisa, unaambiwa mama ni mawazo tu hayo. Kazi ya saa ni kulikamata hilo tukio la saa nane usiku likae kwenye PDF. Mengine yote ni mbwembwe.

HATUA YA 1: Kabla hujanunua, angalia simu

Apple Watch inataka iPhone. Sio Tecno, sio Infinix, sio Samsung. Naona watoto wengi wanamnunulia mzazi Apple Watch wakati mzee anatumia Android, saa inaishia kabatini. Na ule ujanja wa kuiunga kwenye iPhone ya mtoto kwa mpango wa familia, kwa ECG hausaidii, ECG haipo ukiseti hivyo. Halafu sio kila Apple Watch ina ECG, zilianza Series 4 ya 2018, ila zile za bei nafuu zinazoitwa SE hazina. SE inaweza kukupa taarifa ya mapigo yasiyo na mpangilio lakini kuchora haichori.

Galaxy Watch, kuanzia Watch4 kuja mbele, inaunga simu nyingi za Android, ila ECG yake inapita kwenye apu ya Samsung Health Monitor na hiyo apu inataka simu ya Samsung. Tena kwa zote mbili ECG inafunguliwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kabla pesa haijatoka ingia tovuti ya kampuni uangalie nchi yako na nchi saa inakonunuliwa. Usimuulize muuzaji, muuzaji atasema inafanya kila kitu.

Kuhusu hizi za bei chee zenye neno ECG kwenye boksi, jipimie mwenyewe palepale dukani. ECG ya kweli ya mkononi inahitaji mikono miwili, umeme wa moyo unapita kutoka mkono mmoja, kifuani, hadi mkono mwingine, ndiyo maana lazima uguse saa kwa kidole cha mkono usiovaa. Sasa kama saa inachora ECG huku mkono wako wa pili uko mfukoni, hiyo ni katuni, mrudishie.

Ushauri wangu ambao watu hawaupendi: kama shida ni AF tu na hutaki mambo ya hatua na usingizi, AliveCor Kardia ni bora kuliko saa yoyote kwa mzee. Ni kibao kidogo, unaweka vidole, basi. Hakuna kuchaji kila siku na hakuna mkanda. Tatizo lake haikulindi ukiwa umelala, mpaka wewe mwenyewe uhisi kitu ndiyo upime.

HATUA YA 2: Unga saa na simu

Hii fuata maelezo ya kwenye skrini. Andika tarehe ya kuzaliwa ya ukweli, kwenye Apple hizi huduma ni za kuanzia miaka 22.

HATUA YA 3: Washa ulinzi wa kimya kimya

Kwenye iPhone ingia apu ya Health, tafuta sehemu ya moyo, washa taarifa za mapigo yasiyo na mpangilio. Kwenye Samsung iko ndani ya Health Monitor. Hapa saa haitumii umeme wa moyo, inatumia ile taa ya kijani chini kusoma damu inavyopita, na inasoma ukiwa umetulia tu. Apple ikiona mpangilio mbovu haipigi kelele hapohapo, inarudia, zikiwa mbovu 5 kati ya 6 ndani ya masaa 48 ndiyo inakutaarifu. Kwa hiyo ukipata taarifa sio kitu cha kupuuza, lakini pia sio hukumu. Kwenye utafiti mkubwa wa Stanford na Apple, watu zaidi ya 400,000, waliopata taarifa hawakufika hata 1 kati ya 100, na waliofungwa kipimo cha kifuani baadaye ni kama theluthi ndio AF ilionekana. Sio lazima waliobaki saa iliwadanganya, kipimo kilifungwa siku kadhaa baadaye na nimeshasema hili jambo linakuja na kuondoka.

Kama ulishaambiwa na daktari una AF, hii huduma sio yako. Wewe washa historia ya AF, ipo kwenye Apple Watch yenye programu ya watchOS 9 kuja mbele, ambayo inakadiria kwa wiki moyo umekaa kwenye AF asilimia ngapi ya muda. Haishuki chini ya asilimia 2 kwa hiyo usishangae, na inataka uvae saa angalau masaa 12 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Tattoo nyeusi chini ya saa inaizibia taa, hamishia mkono mwingine.

HATUA YA 4: Kupiga ECG yenyewe

Hapa ndipo watu wote wanakwama, wanapiga wanapiga wanaambiwa usomaji mbovu, mwisho wanasema saa mbovu. Kuna mzee alitoka Tanga tulikaa naye mchana kutwa, mistari inatoka kama nywele, zamu za wagonjwa wengine zinapita, na saa yake haikuwa na tatizo lolote. Shida zilikuwa tatu kwa pamoja na zote ntazitaja humu.

Kwanza kaa. Kitini, mgongo umeegemea, mikono yote mezani au kwenye mto mapajani, sio umesimama jikoni. Pumzika dakika 5. Misuli ya mkono nayo ina umeme wake, ukiinua mkono hewani saa inachora misuli badala ya moyo. Mwenye mtetemeko wa mikono aweke viwiko mezani kabisa, na mtoto asimshikie mkono, maana ukimgusa mtu anayepimwa na wewe umeingia kwenye kipimo.

Pili ngozi. Mzee wa Tanga alikuwa amepaka mafuta ya mgando mpaka kwenye viganja, na mafuta yanazuia umeme. Futa sehemu ya nyuma ya saa, futa kifundo cha mkono, futa na kidole. Lakini ngozi iliyokauka sana nayo haipitishi, wazee wengi wako hivyo, na ukimfuta kwa sanitaiza ndiyo unaikausha zaidi. Dawa ni kitambaa chenye maji kidogo, pitisha kwenye kifundo na kwenye ncha ya kidole, isibaki inachuruzika. Nimejaribu jeli ya ECG ya hospitali, inafanya kazi ila inachafua saa, maji yanatosha.

Tatu mkanda. Ukaze, saa ikae juu kidogo ya kile kifupa cha kifundo, isicheze. Ukishamaliza kupima unaweza kulegeza. Mkanda wa chuma mimi siupendi kwa kazi hii, nunua wa raba.

Nne, na hii ndiyo iliyotumalizia mchana: upande. Ndani ya seting kuna swali unavaa mkono gani. Mtoto aliisetia Uingereza akaandika kushoto, mzee kavaa kulia, basi mchoro unatoka chini juu na wewe unayeangalia unaanza kufikiria mambo ya ajabu. Ingia kwenye apu ya Watch kwenye simu, rekebisha mkono na upande ambao kitufe kinakaa. Hili likague kabla ya yote, mimi sasa hivi ndiyo naanza nalo.

Tano, kidole. Gusa tu kile kitufe cha kuzungusha, usikibonyeze, ukibonyeza inatoka. Kwenye Samsung ni kitufe cha juu, vilevile unagusa tu. Na kidole kiguse kitufe peke yake, kisiguse ngozi ya mkono uliovaa saa, vidole vingine visiushikilie ule mkono kwa chini kama watu wanavyopenda kufanya, maana mikono ikigusana umeme unapita njia ya mkato bila kuzunguka kifuani. Mzee wetu alikuwa anaikumbatia saa kwa mkono mzima.

Sita, umeme wa nyumba. Ukiona mstari una vimeno vidogo vidogo vinavyofanana toka mwanzo mpaka mwisho, huo ni umeme wa ukutani. Chomoa simu kwenye chaji, sogea mbali na friji na feni, jaribu tena.

Halafu sekunde 30 bila kuongea. Bila kuongea! Watu wanahesabu kwa sauti, wanacheka, wanaita mjukuu. Ukikohoa anza upya.

HATUA YA 5: Majibu

Sainasi rithimu maana yake kwa hizo sekunde 30 mpangilio ulikuwa sawa. Hizo 30 tu, haisemi chochote kuhusu jana. Ikisema AF, kaa, pumzika, rudia baada ya dakika chache, hifadhi zote. Ikisema haikuweza kuamua, angalia namba ya mapigo: kwenye Apple chini ya 50 au juu ya 150 haiamui kuhusu AF, na toleo la zamani lilikuwa linaishia 120. Anayetumia bisoprolol au atenolol mapigo yake yanaweza kuwa chini kwa sababu ya dawa, mwenye betri ya moyo naye saa inaweza kumchanganya. Usiyafute majibu ya namna hii. Daktari anaweza kusoma kitu ambacho saa imeshindwa, mchoro ukiwa safi jibu la saa sio muhimu kivile.

Usipime kila nusu saa. Pima ukihisi kitu, na mara moja ukiwa umetulia ili kuwe na cha kulinganisha. Kuna watu saa imewazidishia ugonjwa wa wasiwasi, hao nawavua saa.

HATUA YA 6: Peleka kwa daktari

Baada ya kupima weka dalili palepale kwenye apu, kizunguzungu, pumzi, mapigo. Kisha fungua hiyo ECG kwenye simu, hamisha kama PDF, tuma. Sio skrinshoti! Skrinshoti inakata mchoro na vipimo vya pembeni havionekani, daktari anahitaji kuona mraba ule wa karatasi ili apime umbali kati ya pigo na pigo. Na usitume PDF thelathini, chagua tatu, andika saa ngapi na ulikuwa unafanya nini.

Tegemea atarudia ECG ya kawaida, maana ya saa inaangalia moyo kwa pembe moja na ya hospitali pembe 12, pengine atakufunga Holter (mashine ndogo unayotembea nayo inarekodi moyo), atataka eko (picha ya moyo kwa ultrasaundi) na kipimo cha thairoidi (tezi ya shingoni). Eko usiikwepe hata kama una miaka 30. Huku kwetu AF nyingi kwa vijana zinatokana na vali (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, na hilo linabadilisha dawa: mwenye vali ya mitrali (mlango wa upande wa kushoto wa moyo) iliyobana ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) kati ya 2 na 3, na utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulionyesha warfarini iliwafaa wagonjwa wa rumatiki kuliko rivaroxaban, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo jirani akikwambia yeye anakunywa kidonge kisichohitaji kupima INR, moyo wake sio wako. Na saa ikiwa safi mwezi mzima dawa ya kuzuia damu kuganda huiachi mwenyewe.

MAMBO AMBAYO SAA HAIJUI

Shambulio la moyo haioni. Kifua kinabana, jasho la baridi, au mdomo umeenda upande, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki, usianze kutafuta kidole uweke wapi, nenda hospitali sasa hivi hata kama saa imeandika kila kitu sawa. Presha pia, ile ya Galaxy Watch inataka uilinganishe na mashine ya mkono kila siku 28, sasa kama mashine unayo si upime na mashine. Ya kufunga juu ya kiwiko, na mwenye AF apime mara tatu achukue wastani kwa sababu namba zinarukaruka.

CHAJI

Usichaji usiku. Usiku umelala mkono umetulia ndipo saa inasoma vizuri kuliko muda wowote, na ndipo wengi mambo yanawatokea. Ichaji ukiwa unaoga na unakula chakula cha jioni, inatosha kufika kesho, na kama ni ya mzazi mwekee chaja pale anapokaa kuangalia taarifa ya habari ya saa mbili.