SOMO: Kompyuta inaganda baada ya kuapdeti kerneli ya Linux? Usikimbilie kuinstoli upya

Wakuu, salamu. Malalamiko ni yaleyale: "Jana nimeapdeti, leo mashine inaganda, nifanyeje?" Na jibu la kwanza mtu analopewa ni aformati ainstoli upya. Huo ushauri siupendi hata kidogo. Ukishainstoli utaapdeti, kerneli (moyo wa Linux, unaoendesha vifaa vya mashine) ileile itarudi na ugonjwa wake.

Wengi hawajui kwamba Ubuntu, Debian, Mint na Fedora hazifuti kerneli ya zamani papo hapo zinapoleta mpya. Ipo kwenye diski, inawashika vizuri tu. Somo lote linasimama juu ya hilo.

HATUA YA 1: Jua imeganda kwa namna gani

Mashine ikiganda, acha kwanza kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uone kama taa yake inaitika. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ikija skrini nyeusi inayokuuliza jina na nywila, kerneli iko hai, kilichokufa ni upande wa picha: draiva ya kadi ya grafiki au desktopu yenyewe. Kama Caps Lock haiitiki kabisa, au kwenye laptopu inapepesa yenyewe bila kuguswa, hapo ni kerneli imeanguka.

Kuna kuganda kwa tatu ambako watu hukubambikia kerneli bure: kishale kinasogea kwa kujikokota na taa ya diski haizimi. Hapo mara nyingi RAM imejaa. Mashine ikitulia fungua terminal (dirisha la kuandika amri), andika free -h uone kilichobaki.

Kuzima kwa usalama: shikilia Alt na Print Screen (laptopu nyingine zinataka na Fn), halafu bonyeza S, U, B, ukipumzika sekunde mbili tatu kati ya herufi. S inamalizia kuandika data kwenye diski, U inafunga diski zisiandikwe tena, B inawasha upya. Ubuntu inaruhusu hizo tatu bila wewe kubadili kitu. Ni salama kuliko kuikata moto.

HATUA YA 2: Washa kwa kerneli ya zamani

Mashine inapowaka bonyeza Esc (zile za zamani zenye BIOS, shikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli ya kuwasha) itokee. Ukizidisha Esc utaangukia kwenye mstari wa grub>. Usishtuke: andika normal, Enter, na hapohapo gonga Esc mara moja.

Ingia Advanced options, chagua kerneli yenye namba ndogo kuliko ya juu kabisa, ile isiyoandikwa recovery mode. Ukishaingia hakikisha:

uname -r

Sasa fanya kazi zilezile zilizokuwa zinaigandisha. Kama ni video, fungua video. Kama ilikuwa inaganda mara moja kwa siku, saa moja ya utulivu haijathibitisha chochote, mpe muda.

Ikitulia, mkosaji ni kerneli mpya au draiva inayotembea nayo. Ikiganda vilevile, geukia vilivyoingia siku hiyohiyo:

less /var/log/apt/history.log

Humo utakuta apdeti ya kerneli haikuja peke yake. Mara nyingi kuna linux-firmware (programu ndogo za ndani ya vifaa), mesa (draiva za picha), au draiva ya Nvidia. Kerneli ya zamani na mpya zote zinasoma folda moja, /lib/firmware, ndiyo maana kurudi nyuma peke yake wakati mwingine hakusaidii. Kama nako hakuna kitu, pima RAM kwa memtest86+ na uangalie joto. Mashine nazo huzeeka siku ya apdeti kama siku nyingine yoyote.

HATUA YA 3: Soma logi ya mara iliyopita

journalctl -k -b -1 -e

Hiyo -b -1 maana yake ni mwasho uliotangulia huu. Kama umeshawasha mara mbili tangu igande, ni -2. Ukipotea, journalctl --list-boots itakupa orodha yenye saa na tarehe.

Nenda mwisho, soma ukipanda juu. Mfano wa mstari utakaokutana nao:

watchdog: BUG: soft lockup - CPU#2 stuck for 22s!

Yaani kiini namba 2 cha prosesa kimeshikwa na kazi ya kerneli kwa sekunde 22 bila kuachia. Wengi wanakopi huo mstari tu wanakuja kuuliza. Wenye maana zaidi ni mistari iliyo chini yake, ile ya Call Trace na majina yenye mabano ya mraba: ukiona [nvidia], [amdgpu], [i915] au jina la draiva ya wifi linajirudia, umepata pa kuanzia.

Logi ikikatika ghafla bila kosa lolote, usiseme "logi iko safi". Mashine iliyoganda kabisa haipati nafasi ya kuandika.

HATUA YA 4: Jaribu dawa moja kwa wakati

Kwenye menyu ya GRUB weka alama juu ya kerneli mpya, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika dawa, kisha Ctrl+X. Inafanya kazi kwa mwasho huo mmoja tu, kwa hiyo ukikosea huharibu kitu.

Grafiki za Intel: i915.enable_psr=0
Grafiki za AMD: amdgpu.dcdebugmask=0x10
Diski ya NVMe inayopotea (logi inasema controller is down): nvme_core.default_ps_max_latency_us=0

Zote tatu zinazima aina fulani ya kubana umeme, na huko ndiko kuganda kwingi kunakozaliwa. Betri italika kidogo zaidi.

Nvidia ina njia yake. Andika dkms status (dkms ndiyo inayojenga draiva kwa kila kerneli). Kama kerneli mpya haimo kwenye orodha, huenda draiva haikujengwa kwa ajili yake. Ukiwa ndani ya kerneli hiyo mpya (hata kwa kuandika nomodeset pale mwisho wa mstari wa linux, iwashe bila draiva ya grafiki):

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Na kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini mashine inapowaka) imewashwa, draiva isiyosainiwa itakataliwa hata ikijengwa vizuri. Hiyo nomodeset yenyewe watu wanaigawa kama panadol. Itakusaidia kuingia ukarekebishe, lakini ukibaki nayo unatumia kompyuta bila nguvu ya kadi ya grafiki.

Dawa ikikubali, iweke ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT kwenye /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

HATUA YA 5: Kubaki na kerneli ya zamani kwa muda

Kama hakuna dawa iliyokubali, kwenye faili hilohilo weka GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true, halafu sudo update-grub. Utakayoichagua safari hii ndiyo itakayowaka kesho. Kuzuia mpya zisiingie:

sudo apt-mark hold linux-generic linux-image-generic linux-headers-generic

Wenye kerneli ya HWE (ile mpya zaidi ya Ubuntu kwa ajili ya vifaa vipya), majina yenu yana mkia, kwa mfano linux-generic-hwe-24.04. Na msikae hivyo milele, kerneli mpya ndizo zinazoziba matundu ya usalama. Toleo jingine likitoka, fungua kwa unhold ujaribu tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani. Mimi natumia Arch, kwenye menyu sioni kerneli ya zamani hata moja.
Jibu: Arch inafuta ya zamani inapoweka mpya. Instoli linux-lts (kerneli ya toleo la muda mrefu) ikae pembeni, kisha grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg. Kama haiwaki kabisa, washa kwa USB ya kuinstolia Arch, ingia kwenye mfumo wako kwa arch-chroot, urudishe toleo la nyuma kwa pacman -U kutoka /var/cache/pacman/pkg.

Swali: Yangu haifiki hata desktopu, inaganda mwanzoni kabisa. Wakati wa kuapdeti iliniambia nafasi imeisha.
Jibu: Andika df -h /boot, nadhani utakuta 100%. Faili la initramfs (linaloisaidia kerneli kuanza) limeandikwa nusu. Ingia kwa kerneli ya zamani, piga sudo apt autoremove --purge, kisha sudo update-initramfs -u -k all.

Swali: Inaganda nikifungua kifuniko tu, baada ya kulala. Muda mwingine wote iko poa.
Jibu: cat /sys/power/mem_sleep. Neno lililo kwenye mabano ndilo linalotumika. Kama ni s2idle na deep ipo pembeni, jaribu mem_sleep_default=deep kwa njia ya hatua ya 4. Kama deep haipo kabisa, angalia apdeti ya BIOS ya mashine yako.

Swali: Na Windows, bosi?
Jibu: Amri hizi hapana. Ila huko pia unaweza kuondoa apdeti ya mwisho kupitia Settings, na toleo kubwa jipya unaruhusiwa kulirudisha nyuma ndani ya siku 10.

Swali: Nimethibitisha ni kerneli. Nani wa kumwambia?
Jibu: Ubuntu andika ubuntu-bug linux, itakusanya taarifa yenyewe. Taja namba ya kerneli isiyoganda na namba ya inayoganda, zote mbili. Bila hizo mbili watakuuliza upya.