Jinsi ya kuchora na kucheza gyan chaupar, ubao wa vyumba 72

Wiki iliyopita nilikaa sakafuni na dada mmoja wa mtaani kwetu mpaka usiku, tukichora gyan chaupar, mchezo wa asili wa nyoka na ngazi, kwa ajili ya wanawe. Alitaka iwe tayari kabla ya Vaikuntha Ekadashi, usiku ambao familia nyingi za Wavaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu mungu Vishnu, kusini mwa India hukesha wakicheza mchezo wa ukoo huu, wenyewe wakiuita paramapadam. Tulipomaliza akaniomba nimwandikie hatua zote ili ampelekee shemeji yake. Nimeona heri niziandike hapa, kila mtu azipate.

Mchezo wenyewe unaujua tayari kwa jina la nyoka na ngazi. Ulitoka India, ukachapwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na kadiri miaka ilivyokwenda majina ya vyumba yakafutwa, zikabaki namba tupu. Kwangu mimi majina hayo ndiyo mchezo. Ubao usio na majina ni dadu tu.

Mbao za asili ni nyingi. Za Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, mara nyingi huwa na vyumba 84. Mimi nafuata ule wa waja wa Vishnu, wenye vyumba 72.

Hatua ya 1: Vifaa

Manila moja, rula, penseli, raba, kalamu ya kijani, kalamu nyekundu, dadu moja. Ukipata kete za pwani unaweza kurusha hizo badala ya dadu, lakini kwa watoto dadu ni rahisi. Chora mstatili wa sentimita 45 kwa 40, ugawe katika vyumba vya sentimita 5. Utapata vyumba 9 kwenda kando na mistari 8 kwenda juu.

Tafadhali usichapishe ubao wa kwenye simu. Mkono ukishaandika "hasira" na "huruma", kichwa hakisahau zinakaa wapi.

Hatua ya 2: Namba

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima nilipochora ubao wangu wa kwanza, kwa hiyo nenda nami polepole.

Namba 1 inakaa kona ya chini, kushoto. Mstari wa kwanza unaelekea kulia hadi 9. Sasa usirudi kushoto kuandika 10. Namba 10 inakaa juu ya 9 palepale, na mstari wa pili unarudi kushoto hadi 18, ambayo inakuwa juu ya 1. Kisha 19 juu ya 18, unaelekea tena kulia. Ni kama ng'ombe wa plau: akifika mwisho wa shamba anageukia hapohapo, haanzi upya upande alikotoka.

Mimi niliandika mistari yote kutoka kushoto kwenda kulia, kama daftari. Nikaandika majina yote, nikapiga wino. Kisha nikahakiki kwa kutazama safu ya kati, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba safu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ubao: 5, 14, 23, 32, 41, 50, 59, 68. Zote zilikuwa sawa, nami nikaridhika. Baadaye sana ndipo nikagundua kwamba safu ya kati haiwezi kukuonyesha kosa hili. Ukihesabu kutoka kushoto au kutoka kulia, chumba cha tano kati ya tisa ni kilekile. Ubao ulikuwa umeharibika pande zote mbili, katikati umetulia.

Hakiki pembeni. Upande wa kulia, 10 iwe juu ya 9, 28 juu ya 27, 46 juu ya 45, 64 juu ya 63. Upande wa kushoto, 19 iwe juu ya 18, 37 juu ya 36, 55 juu ya 54. Namba 72 iishie kona ya juu, kushoto. Fanya hivyo kwa penseli, kabla ya wino wowote.

Na usidhani ni suala la unadhifu. Tazama 54 na 55. Namba 54 ni bhakti, kumpenda Mungu na kujikabidhi kwake, na ndiyo ngazi kubwa kuliko zote kwa mja wa Vishnu. Namba 55 ni ahamkara, ile "mimi" inayojikweza, na ina nyoka. Ukichora sawasawa, vyumba hivi viwili vimepandana ukutani upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine, hakuna kitu katikati. Mtu anayeimba bhajan, nyimbo za ibada, vizuri, anayefunga kila Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, anayefika hekaluni kabla ya wote, hatua moja tu inamtoa kwenye kumpenda Mungu inamwingiza kwenye kujipenda kwa kuwa anampenda Mungu. Kwenye ubao wangu ulioharibika 54 ilikuwa ukuta wa kulia na 55 ukuta wa kushoto, wametengana kwa upana wa ubao mzima. Fundisho hilo lilikuwa limekatika na mimi sikujua. Niliutupa ubao ule, nikaanza upya.

Hatua ya 3: Majina

Mstari wa chini uandike wote: 1 kuzaliwa, 2 maya yaani udanganyifu wa dunia, 3 hasira, 4 uchu wa mali, 5 dunia hii, 6 moha yaani kupumbazwa, 7 majivuno, 8 kijicho, 9 ashiki. Ukitoa 1, 2 na 5, wanaobaki ni wale maadui sita wa nafsi ambao walimu wa Kihindu huwataja pamoja. Wamepangwa sakafuni kwa sababu nyoka wengi hushukia hapo.

Safu ya kati iandike kwa rangi tofauti, maana ni malimwengu yanayopandana: Bhu (ndiyo 5, dunia hii), Bhuvar, Swarga, Mahar, Jana, Tapa, Satya, na juu kabisa, 68, Vaikuntha, makao ya Vishnu. Vyumba visivyo na nyoka wala ngazi unaweza kuviacha na namba tu kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 4: Ngazi na nyoka

Ngazi kwa kijani. Kutakasika, 10, inapanda 23. Huruma, 17, inapanda 69. Sadaka, 20, hadi 32. Dharma yaani uadilifu, 22, hadi 60, akili njema. Kuwatumikia wengine bila kujitakia, 27, hadi 41. Dini iliyonyooka, 28, hadi 50. Jnana yaani maarifa ya kiroho, 37, hadi 66, raha tukufu. Elimu sahihi, 45, hadi 67. Kupambanua, 46, hadi 62. Bhakti, 54, hadi 68.

Nyoka kwa nyekundu. Husuda, 12, anashuka 8. Chuki, 16, hadi 4. Marafiki wabaya, 24, hadi 7. Adharma yaani kinyume cha dharma, 29, hadi 6. Ujinga, 44, hadi 9. Ukatili, 52, hadi 35, jehanamu. Ahamkara, 55, hadi 3. Akili potofu, 61, hadi 13. Giza la nafsi, 63, hadi 2. Tamoguna yaani hali ya giza na uzito, 72, hadi 51, ardhi.

Mtoto mkubwa wa yule dada aliniuliza kwa nini "mimi" imshushe mtu kwenye hasira na si kwenye majivuno. Kabla sijajibu, mdogo wake alimnyang'anya penseli, akafoka. Mama yao akamgusa bega, akamwonyesha kwa kidole: 55, kisha 3.

Hatua ya 5: Kucheza

Kila mchezaji aweke kitu chake mwenyewe, pete au kifungo, siyo kete ya plastiki. Vyote vianzie 68, maana tulitoka huko. Mtu haingii mpaka apate 6, na akiipata anatua chumba cha 6, moha. Kila anapotua, ataje jina la chumba kwa sauti. Akifika 54 asipande kimya: sisi humwomba ataje kitu kimoja atakachomtolea Mungu. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasema jani, ua, tunda au maji yanatosha, kwa hiyo hakuna mtoto anayekosa jibu.

Anayefika 68 barabara amemaliza. Aliyeipita hajamaliza, hata kama yuko juu zaidi. Hili huwashangaza waliopandishwa na huruma hadi 69: wamefika kwa Brahma, mungu muumbaji, wamepita Vaikuntha, na njia iliyobaki ni kusogea hadi 72 na kushuka na yule nyoka. Usiwahurumie kwa kubadilisha kanuni. Wakishuka wanatua 51, na hapo waachie dadu wenyewe. Wakipata 1, ni ukatili, wanakwenda jehanamu. Wakipata 4, ni ahamkara. Wakipata 3, ni bhakti, na ngazi yake inaishia Vaikuntha.