Shotigani iliyotumika: futa grisi kwanza, bei baadaye

Mpwa wangu alinipigia kutoka Dodoma mjini. "Shikamoo mjomba. Nimepata shotigani ya Kirusi, mitutu imepandana, mwenyewe ana shida, anaiuza bei poa. Nilipie?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia asitoe hata shilingi mia mpaka nifike. Nilikaa miaka 12 kwenye kambi za uwindaji upande wa Rungwa na Kizigo, nikisafisha bunduki za wageni kila jioni. Sasa nalima alizeti Manyoni. Haya ndiyo niliyomwonyesha siku ile.

Anza na karatasi. Muuzaji akuonyeshe leseni yenye jina lake, kisha namba uisome mwenyewe kwenye chuma, kwenye mitutu na kwenye mwili wa bunduki. Zisipolingana, au akisema leseni iko kijijini ataileta kesho, ondoka. Na bunduki haiuzwi kwa kuandikishana mbele ya mashahidi kama ng'ombe. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha inakutaka upitie polisi, upate kibali chako kwanza. Ukaguzi fanya mwenye leseni akiwa amesimama hapo hapo.

Ifungue, tazama chemba zote mbili, ingiza kidole uhakikishe hakuna kitu. Kila ukiipokea upya, rudia.

Sasa bawaba, na hapa usiwe na haraka. Mitutu inakunjika kwenye bawaba na kushikwa na kufuli. Hivyo viwili vikiisha, bunduki imeisha, hata kama mbao inang'aa. Nina sababu ya kusisitiza. Bunduki yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imepakwa grisi nzito mpaka kwenye maungio. Ilifunga kimya, laini, nikafurahi. Nilipoisafisha nyumbani ikaanza kulia kach-kach kila ninapoitikisa. Grisi ilikuwa imejaza nafasi iliyolika, na fundi aliniambia kuirudisha kungenigharimu kuliko nilivyoinunua.

Kwa hiyo nenda na kitambaa. Futa grisi yote. Vua mbao ya mbele, ile inayoshikwa na mkono wa kushoto, kwa sababu springi yake huikaza mitutu na kuficha ulegevu. Funga bunduki, bana kitako chini ya kwapa, shika mitutu uitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Usisikie wala usihisi kitu. Halafu iinue kuelekea jua la dirishani, uchungulie pale mitutu inapokutana na mwili: mwanga usipite. Tazama pia mkono wa kufungulia ulio juu. Bunduki ikiwa changa, ukishafunga mkono huo hubaki umeegemea kulia kidogo. Kadiri kufuli linavyolika unasogea katikati. Ukivuka kwenda kushoto, umri wake umekwenda.

Mitutu yenyewe ichungulie kutoka pande zote mbili. Baikal, chapa ya Kirusi, nyingi zimepakwa kromu ndani, kwa hiyo kutu si tatizo la kwanza. Tafuta pete ya giza. Hiyo ni alama ya tumbo: mtu alifyatua kukiwa na tope au kitambaa ndani. Pitisha vidole nje, utalisikia. Mtutu wenye tumbo usiujadili bei. Kisha uninginize mitutu kwa kidole, uigonge na ukucha. Ikilia kama kengele, imeungana vizuri. Ikitoa sauti iliyokufa, kuna mahali lehemu ya kuungia imeachia.

Triga ijaribu kwa risasi bandia, usifyatue chemba tupu. Funga sefti, kile kizuizi cha triga, vuta triga, achia, kisha fungua sefti: isilie. Kama ina triga moja na mtutu wa pili haufyatuki, usiseme ni mbovu. Nyingine husubiri mshtuko wa risasi ya kwanza ndipo zihame, kwa hiyo gonga kitako kwa kiganja ujaribu tena. Kama inarusha maganda, lirushwe la mtutu uliofyatuliwa tu.

Mbao huku kwetu ina adui wake. Kiangazi cha Dodoma huikausha, ikasinyaa, ikapasuka nyuma ya mwili wa chuma, pale palipo pembamba. Na bunduki iliyosimamishwa miaka mingi mdomo juu hunywesha mafuta mbao, ikawa nyeusi na laini. Ufa mdogo si mwisho wa safari. Seremala mzuri huuziba. Utoe kwenye bei.

Jambo moja watu hulisahau: mitutu iliyopandana ya bei ya chini wakati mwingine haitazami mahali pamoja. Mwombe mwenye leseni, mahali panaporuhusiwa kulenga shabaha, afyatue kila mtutu kwenye karatasi yake kubwa, hatua 35 hivi. Marisau, zile punje ndogo za risasi, ya juu na ya chini yaangukie usawa ule ule. Ukikuta mmoja unapiga futi nzima pembeni, kanga hutampata, na fundi wa kunyoosha hilo sijamwona kanda hii.

Ile ya mpwa wangu tulifuta grisi, tukavua mbao, nikaitikisa: kimya. Ufa ulikuwepo, nchi moja, nyuma ya sefti. Muuzaji akakubali kuupunguza kwenye bei, na Jumatatu kijana akaenda kituo cha polisi kuanza maombi yake.