Kwenda nyumbani kwa pointi: mwongozo kwa walio Marekani

Nauli ya Desemba kutoka Marekani kwenda Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe huwaumiza watu kila mwaka, hasa wenye watoto. Na bado wengi wanalipia bima, mafuta ya gari, simu na chakula kwa kadi inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti, kadi isiyowarudishia chochote. Matumizi hayohayo yakipita kwenye kadi sahihi ya mkopo yanakupa pointi, na pointi hizo zinaweza kulipa sehemu kubwa ya tiketi. Hapa hakuna siri yoyote. Kuna hesabu na mpangilio wa hatua, na anayeruka hatua ndiye anayeumia.

Kwanza riba. Kadi nyingi za Marekani zinatoza zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Tuseme yako inatoza 24, na umetumia dola 3,000 bila kulipa. Mwezi mmoja wa deni hilo ni kama dola 60. Kadi inayotoa pointi 2 kwa kila dola itakuwa imekupa pointi 6,000, ambazo ukizitumia kwa njia ya kawaida thamani yake ni dola 60 hivi. Mwezi wa kwanza umekula pointi zote, na kuanzia wa pili unakula mshahara. Kwa hiyo kama sasa hivi una deni la kadi linalotembea kutoka mwezi hadi mwezi, lilipe kwanza, pointi zitakusubiri. Ukishapata kadi, ingia kwenye programu ya benki uweke malipo ya kujiendesha, na soma vizuri unachochagua. Kwa kawaida kuna machaguo matatu: kiwango cha chini, kiasi unachopanga mwenyewe, na deni lote la taarifa ya mwezi. Chagua la tatu. Watu wengi hubonyeza la kwanza kwa haraka, wakadhani wamelipa, kumbe riba inaendelea.

Mgeni ambaye hana historia ya mkopo asianze na kadi hizi za pointi. Aanze na kadi ya dhamana: unaweka benki dola 200 au 300, hizo ndizo kikomo chako, unanunua vitu vidogo na kulipa kwa wakati. Baada ya miezi 6 hadi mwaka alama za mkopo (credit score), ambazo benki huzitazama kabla ya kukupa kadi, huwa zimejengeka. Kuna kosa moja linalowashangaza wengi. Una kikomo cha dola 1,000, umetumia 800, na umelipa zote kabla ya siku ya mwisho. Mbona alama zimeshuka? Kwa sababu benki hutuma ripoti siku taarifa ya mwezi inapofungwa, si siku unayolipa. Siku hiyo ulionekana umetumia asilimia 80 ya kikomo. Lipa siku mbili tatu kabla taarifa haijafungwa, ibaki chini ya asilimia 30, na ikiwa chini ya 10 ni bora zaidi.

Kadi ya kuchagua

Achana na kadi ya shirika moja la ndege kama ndiyo ya kwanza. Tafuta ile ambayo pointi zake zinahamishika kwenda mashirika mengi, kwa maana leo kiti kinaweza kupatikana kwa huyu, mwakani kwa yule. Chase, American Express, Capital One na Citi zote zina kadi za aina hii. Si kila kadi ya benki hizo, lakini: Chase Freedom Unlimited, kwa mfano, haina ada ya mwaka, ila pointi zake haziendi kwa shirika la ndege mpaka uwe pia na kadi kama Sapphire Preferred, ambayo ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Capital One Venture nayo ni dola 95, na inatoa maili 2 (maili ni jina lingine la pointi) kwa kila dola popote unaponunua, jambo linalomfaa asiyetaka kukumbuka kadi gani ya duka gani.

Kama unafikiria zaidi ya moja, anza na Chase. Kwa kawaida inamkataa mtu aliyefungua kadi 5 au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24 iliyopita.

Injini ya mambo haya ni bonasi ya kujiunga. Pointi za matumizi ya kila siku zinakuja polepole, ilhali bonasi ya kadi moja mara nyingi ni pointi 60,000 hadi 75,000, ukitumia dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi 3. Usiombe kadi kwa sababu umeona tangazo. Iombe unapojua malipo makubwa yanakuja: bima ya gari ya miezi sita, karo ya chuo, matairi, friji. Kuna chuo au mwenye nyumba anayetoza ada ya karibu asilimia 3 ukilipa kwa kadi, basi piga hesabu kabla. Muda huo wa miezi 3 kwa benki nyingi huanza siku ulipokubaliwa, si siku kadi ilipofika kwenye sanduku la barua. Ada ya mwaka haihesabiki kwenye dola hizo 4,000, na kitu ukikirudisha dukani kinatolewa kwenye hesabu. Jiachie nafasi ya dola mia mbili tatu juu ya kiwango.

Kutuma pesa nyumbani

Hapa panahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kila mmoja wetu anatuma. Ukituma pesa kwa M-Pesa au benki ya nyumbani kupitia programu ya kutuma fedha, ukaweka kadi ya mkopo kama njia ya kulipia, benki nyingi huhesabu kwamba umechukua pesa taslimu. Ada yake mara nyingi ni asilimia 5, au dola 10 ikiwa asilimia hiyo haifiki hapo. Riba inaanza siku hiyohiyo bila kungoja taarifa ya mwezi, pointi hupati, na bonasi haisogei. Ukimtumia mama dola 400, dola 20 zimeondoka kabla hata hajapata ujumbe. Tuma kutoka akaunti ya benki. Na ili usije ukakosea usiku ukiwa na haraka ya msiba au hospitali, pigia benki simu uwaombe washushe kikomo cha pesa taslimu cha kadi hiyo hadi chini kabisa wanakoweza.

Kiti kwanza, pointi baadaye

Pointi zikishahamishwa kutoka benki kwenda shirika la ndege hazirudi. Hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote: mtu anahamisha 70,000 akiwa na matumaini, halafu hapati kiti. Ziache benki mpaka kiti kionekane.

Fungua akaunti za mashirika mapema, bure, na jina liandikwe sawasawa na pasipoti. "Mohamed" benki na "Mohammed" kwa shirika linaweza kukwamisha uhamisho.

Kwa Afrika Mashariki, mahali pa kwanza pa kutazama ni Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Benki zote nne nilizozitaja zinahamishia huko. KLM inatoka Amsterdam kwenda Nairobi, Kilimanjaro, Dar es Salaam, Kigali na Entebbe. Bei ya maili hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo tafuta tarehe kadhaa, si moja. Mtoto wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa asilimia 25 ya maili, jambo kubwa kwa familia. Ubaya wake ni tozo za shirika zinazolipwa kwa dola juu ya maili.

Pa pili ni Ethiopian Airlines, lakini si kupitia mpango wao wenyewe. Kwa kuwa wamo Star Alliance, umoja wa mashirika ya ndege yanayopokea pointi za wenzao, viti vyao vinakatwa kwa pointi za Aeroplan, mpango wa Air Canada, au maili za shirika la United. Aeroplan inapokea kutoka Chase, American Express na Capital One, na United kutoka Chase. Zote mbili hazitozi zile tozo za shirika, kwa hiyo unacholipa kwa dola ni kodi na ada ndogo. Ethiopian inaruka kutoka Washington, Newark na Chicago hadi Addis Ababa, na kutoka hapo inafika Nairobi, Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Ukiwa Minneapolis au Columbus, tafuta safari nzima kwenye tiketi moja kuanzia kwenu. Ukikata tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili si jukumu la mtu yeyote.

Jihadhari na viti hewa: mtandao unaonyesha kiti cha shirika mshirika ambacho kwa kweli hakipo. Endelea hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, na kama bado una shaka, pigia shirika simu uulize kiti hicho kabla hujahamisha. Mara nyingi uhamisho unafika ndani ya dakika chache. Hamisha kiasi kinachohitajika tu, kwa maelfu.

Je, inafaa? Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na tozo utakazolipa kwa tiketi ya maili, kisha gawanya kwa maili. Tuseme tiketi ni dola 1,400, na kwa maili ni 60,000 pamoja na dola 250. Inabaki dola 1,150, yaani kila maili imekupa senti 1.9. Hamisha. Mwezi wa Februari tiketi hiyohiyo ikishuka hadi dola 900, maili inakupa senti 1.1 hivi. Hapo lipia kwa kadi, au tumia maili za Capital One kufuta gharama ya safari kwa senti 1 kila moja, na pointi zako nyingine uzihifadhi kwa ajili ya Desemba.

Viti vya maili vya msimu wa sikukuu, na vya Juni hadi Agosti shule zikifungwa, tafuta miezi 10 au 11 kabla. Viti vinne siku moja ni adimu. Gawanyeni, mzazi mmoja na mtoto mmoja leo, wengine kesho. Tazama pia njia ya kupitia: Aeroplan hupenda kukupitisha Toronto, na mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo anaweza kudaiwa viza hata kama habadilishi ila ndege. Angalia masharti kwa pasipoti yako na kibali chako cha Marekani kabla ya kubonyeza.

Ukighairi, mara nyingi kuna ada, na maili zinarudi kwa shirika la ndege, siyo benki. Za Aeroplan hufa baada ya miezi 18 bila shughuli yoyote kwenye akaunti.

Mwaka wa kadi ukikaribia kwisha na ada mpya ikija, usifunge kadi ukiwa na pointi ndani, zinaweza kupotea. Omba ibadilishwe iwe ya aina isiyo na ada katika benki hiyohiyo. Na kama lazima ufunge ya Chase, hamishia pointi kwanza kwenye akaunti ya Chase ya mwenzako mnayeishi naye nyumba moja, uhakikishe zimeonekana kwake, ndipo upige simu ya kufunga.