Pai ya kastadi: itoe katikati pakiwa bado panacheza

Wale mnaooka pai ya kastadi (ile ya maziwa na mayai) nyumbani, msisubiri katikati pagande kabisa ndo muitoe kwenye oveni. Tikisa trei kidogo, ukiona pembeni pameshika ila katikati panacheza kama jeli itoe hapo hapo, manake joto lililobaki ndani linaendelea kuivisha, na ukizidisha mayai yanakatika, unakuta vitundu vitundu na majimaji chini. Kama una kipimajoto, katikati pakifika nyuzi 77 hivi inatosha. Moto wa oveni usizidi sana 160 au 165.

Afu ganda la pai lioke kwanza peke yake kabla ya kumimina kastadi, weka karatasi na maharage makavu juu lisivimbe, likianza kukauka toa maharage, lipake ute mweupe wa yai urudishe dakika mbili tatu, hapo halilowi ovyo. Maziwa yawe ya moto ila yasichemke, mimina kidogo kidogo kwenye mayai huku unakoroga, chuja, mapovu engua na kijiko. Na jamani msiikate ikiwa ya moto, iacheni ipoe kabisa hata masaa matatu, la sivyo inamwagika tu sahanini.