Somo: Jinsi ya kutembelea Bharatpur, mji wa ngome ya udongo na ndege wa Keoladeo

Habari zenu wapendwa. Tangu nitaje hapa kwamba nimefika Bharatpur maswali hayajakatika, kwa hiyo leo naeleza safari nzima, hatua kwa hatua. Bharatpur ni mji wa jimbo la Rajasthan, kaskazini mwa India, kilomita kama 55 magharibi ya Agra. Watu wetu wengi wanafika Delhi kwa matibabu, masomo au biashara. Wakimaliza shughuli zao wanakwenda Taj Mahal kupiga picha, kisha wanarudi nyumbani. Ningewaomba muongeze siku mbili za Bharatpur, muone ngome yake na hifadhi ya ndege ya Keoladeo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Bata na bukini wanaohama kutoka kaskazini wanakuwepo Novemba hadi Februari. Korongo wa rangi, wale wenye mabega ya waridi, wanataga baada ya mvua za masika ya huko, na Septemba na Oktoba utakuta miti imejaa viota na makinda yanapiga kelele kutwa. Mei na Juni msiende, joto linapita nyuzi 40. Mwishoni mwa Desemba na Januari ukungu wa asubuhi ni mzito, treni zinachelewa na baridi inauma kwelikweli. Mtu wa Tanga au Lamu achukue sweta mbili, siyo moja.

Hatua ya 2: Viza na kadi ya njano

Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba viza ya India kwa mtandao. Jaza mapema, na jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, hata kama unatoka Tanzania na unabadilishia ndege Nairobi au Addis Ababa. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, hivyo usiende kuchanja jana ya safari.

Hatua ya 3: Panda treni Delhi

Bharatpur ipo kwenye reli kuu ya Delhi kwenda Mumbai, mwendo wa saa tatu hivi. Treni kadhaa zinaanzia stesheni ya Hazrat Nizamuddin, kwa hiyo soma tiketi yako vizuri, maana Delhi ina stesheni kubwa zaidi ya moja. Nje ya stesheni atakuja mtu mpole akuambie ofisi ya tiketi za wageni imefungwa au imehama. Mshukuru, endelea na njia yako, ingia ndani ukaulize mwenyewe.

Chenji rupia kabla ya kuondoka Delhi. Wenyeji wanalipa kwa simu hata chai, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko anahitaji noti ndogondogo mfukoni.

Hatua ya 4: Anza na ngome, ndege baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanashuka kwenye treni, wanakimbilia hifadhi, ngome wanaiona wakiwa ndani ya bajaji. Nawasihi muanze na ngome, kwa sababu maji yaliyoulinda mji na maji yaliyowaleta ndege yana historia moja.

Inaitwa Lohagarh, maana yake ngome ya chuma, lakini ukuta ulioipa sifa ni wa udongo. Aliyeijenga ni Maharaja Suraj Mal, mtawala wa Wajat, jamii ya wakulima wa kaskazini mwa India, katika karne ya 18. Mwaka 1805 jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, chini ya Lord Lake, liliushambulia mji mara nne, na mara zote nne likarudishwa. Ukuta wa mawe ungepasuka, ila ule wa udongo ulizimeza risasi za mizinga. Na mbele ya ukuta kulikuwa na handaki pana lililojaa maji. Waingereza walijifunza. Waliporudi Desemba 1825 wakiongozwa na Lord Combermere, kazi yao ya kwanza ilikuwa kuliteka tuta la bwawa lililolisha handaki, kabla wenyeji hawajalijaza. Januari 1826 wakachimbia baruti chini ya ukuta, wakaulipua, mji ukaanguka.

Handaki lipo hadi leo, linaitwa Sujan Ganga. Simama juu ya daraja linaloelekea lango la Ashtadhatu, lango la metali nane ambalo Wajat walilileta kutoka Delhi, utazame maji chini yako. Mimi nilikaa pale mpaka muuza karanga akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hatua ya 5: Hifadhi, kabla jua halijachomoza

Hifadhi ya Taifa ya Keoladeo ina ukubwa wa kilomita za mraba 29 tu, lakini imerekodiwa zaidi ya aina 350 za ndege. Wenyeji wanaiita Ghana, yaani msitu mnene. Keoladeo ni jina la hekalu la Shiva lililo katikati yake. Palikuwa bonde linalofurika. Zama za Suraj Mal likajengwa tuta la Ajan, na mwishoni mwa karne ya 19 maharaja wakaongeza matuta na mifereji ili wapate mahali pa kuwinda bata. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985.

Fika getini alfajiri. Ndani unatembea kwa miguu, unakodi baiskeli, au unapanda riksho inayoendeshwa na mwenyeji. Siku ya kwanza chukueni riksho. Madereva hawa wanawajua ndege kwa majina na kwa sauti. Wangu alisimama ghafla, akanyoosha kidole kwenye mgunga mkavu bila kusema neno. Nikaangalia dakika nzima, naona gome tu. Kisha gome likafumbua jicho. Alikuwa bundi mdogo, hazidi urefu wa kiganja na vidole vyake.

Siku ya pili panda baiskeli, uende taratibu. Mtafute sarus, korongo wa kijivu mwenye kichwa chekundu, ndege mrefu kuliko wote wanaoruka. Wanatembea dume na jike, na wanapoita wanaitikiana kama watu wa ngoma moja.

Msiondoke bila kufika kwenye mawe yaliyo karibu na hekalu. Yamechongwa tarehe, jina la mgeni wa heshima na idadi ya ndege waliouawa siku hiyo. Novemba 12, 1938, mgeni akiwa Lord Linlithgow, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza, waliuawa ndege 4,273. Nilisoma ile namba huku bata wanalia nyuma yangu, na mate yakanikauka.

Maswali ya wanachama

Mwanza: Shikamoo dada. Nipo Agra kwa siku moja tu, nitawahi?

Marahaba mdogo wangu. Utawahi ukitoka usiku na kuwa getini alfajiri. Wakati wa kurudi pitia Fatehpur Sikri, mji wa kale wa mfalme Akbar, upo njiani. Taj Mahal hufungwa Ijumaa, basi siku hiyo ndiyo uende Bharatpur.

Mombasa: Assalam aleikum. Chakula halali kinapatikana?

Waaleikum salaam. Karibu na hifadhi chakula kingi ni cha mboga: dengu, chapati, jibini ya kupikwa, wali. Mimi nilikula mboga siku zote na sikupungukiwa. Chai yao ya maziwa na tangawizi utajiona uko nyumbani.

Arusha: Mimi ni mwongoza watalii. Wale korongo weupe wa Siberia bado wanakuja?

Hapana kaka. Mara ya mwisho walionekana mwaka 2002. Njia yao ilipita Afghanistan na Pakistan, na wengi waliwindwa huko. Lipo na jambo lingine litakalokugusa kwa kazi yako. Mwaka 1982 malisho yalipigwa marufuku hifadhini, wanavijiji wakapinga, polisi wakafyatua risasi, watu kadhaa wakafa. Baadaye watafiti wakakuta kwamba nyati wa kufugwa ndio waliokuwa wakipunguza majani. Walipoondolewa, nyasi zilifunika maji na ndege wakapungua. Isitoshe mto Gambhir ulizuiwa juu kwa bwawa la Panchana, hata hifadhi ikabidi kuletewa maji kwa mabomba. Ukifika muulize dereva wa riksho mwaka huu maji yamekujaje. Wana mengi ya kusema.

Muscat: Nina watoto wa miaka sita na tisa. Kuna hatari?

Barabara ni tambarare na magari ya watu hayazunguki ndani, watoto watafurahia baiskeli. Wataona swala, mbweha, na nilgai, swala wa huko mkubwa kama ng'ombe. Wasiache njia tu, hasa Januari mchana, kwani chatu hutoka mashimoni kuota jua, na wapo wanene kama paja.